Ubeti Nilioukata

Kuna Jumapili moja, mwanangu, ambayo nikiikumbuka hata leo masikio hunichoma. Nilikuwa kijana wa miaka ishirini na mitatu, nywele nimezifuga kama kichaka, suruali imepanuka chini kama kengele, na nina gitaa la umeme nililolipenda kuliko nilivyompenda binadamu yeyote. Siku hiyo tulipanda kwenda Kabazi, sisi wanne wa bendi ya Vumbi Kali, tumebeba santuri yetu ya kwanza tukamsikilizishe mama yake Wairimu, mwimbaji wetu. Mimi nilikwenda kusifiwa. Nilirudi kichwa kimeinama, na ilichukua zaidi ya miaka arobaini kukiinua.

Lakini ngoja nikuanzie mwanzo, usije ukapotea.

Nakuru ya ujana wetu haikukosa muziki. Palikuwa na rumba, palikuwa na benga, na kila Jumamosi watu walicheza mpaka soli zikaisha. Sisi tukataka roki, ule muziki wa gitaa linalonguruma kama lori likipanda mlima wa Mau. Harjit, mtoto wa familia ya Kisikh iliyouza misumari na mabati, ndiye aliyepiga ngoma. Alijifundishia kwenye mikebe mitupu ya rangi nyuma ya duka la baba yake. Kipkemoi wa Kuresoi, mrefu na mkimya, alishika gitaa la besi. Mimi nilikuwa gitaa la solo, na kwa kuwa nilikuwa na mdomo kuliko wenzangu, nikawa pia kiongozi.

Halafu Wairimu.

Sijui nikuelezeje sauti ya Wairimu. Mara ya kwanza kuisikia ilikuwa kwenye harusi ya binamu yangu kule Kabazi. Nilikuwa nimebeba sufuria ya mchele nikipita nyuma ya hema. Msichana mmoja mwembamba, kitambaa cha bluu kichwani, akaanza kuimba katikati ya akina mama. Niliishusha ile sufuria chini kwenye nyasi. Sikuamua kuishusha, mikono ilijifanyia yenyewe. Nilihisi kama yule anayefika ukingo wa kreta ya Menengai kwa mara ya kwanza, akatazama chini na kuona nchi nzima imelala ndani ya shimo. Unanyamaza tu. Mimi, mtu wa maneno mengi, nilinyamaza.

Tukambembeleza, naye akaja kuimba nasi. Nyimbo alizitunga mwenyewe, kwa penseli, kwenye daftari la shule. Mmoja wa nyimbo hizo uliitwa "Shika Shingo". Kiitikio chake kilikuwa hiki:

Shika shingo, usiachie,
maji yapite, sisi tubaki.

Watu waliposikia maneno hayo kwenye dansi walikumbatiana shingoni, msichana na mvulana, wakayumba polepole. Wote waliuona ni wimbo wa mapenzi. Hata Harjit na Kipkemoi waliuona hivyo, kwa sababu tulikuwa tukiucheza na beti mbili tu.

Wiki moja kabla ya kwenda Nairobi kurekodi, Wairimu aliniletea ubeti wa tatu. Hakuwaonyesha wengine, alinionyesha mimi, kiongozi. Niliusoma nikiwa nimesimama. Hapo ndipo nilipojua wimbo unazungumzia nini. Alipokuwa mdogo, kaka yake Ndirangu alikuwa akimbeba mgongoni kumvusha mto wakienda shule. "Shika shingo, usiachie" yalikuwa maneno ya Ndirangu. Asubuhi moja ya mvua nyingi alimvusha dada yake salama, kisha akarudi ng'ambo kumchukulia vitabu vyake vilivyobaki. Maji yakamchukua mbele ya macho ya yule mtoto.

Nilimwambia Wairimu ni ubeti mzuri. Nilisema hivyo kwa haraka, kama mtu anayesifu chakula huku akiangalia saa.

Studioni Nairobi fundi wa mitambo alitusikiliza, akatikisa kichwa. Santuri ile ndogo haikuweza kubeba wimbo mrefu namna hiyo. "Ama gitaa ya katikati ipunguzwe, ama ubeti mmoja utoke," alisema. Harjit na Kipkemoi walikuwa wametoka kununua soda. Nilibaki mimi na Wairimu. Lile gitaa la katikati lilikuwa langu, mwanangu. Lilikuwa jambo zuri kuliko yote niliyowahi kufanya kwa mikono hii, nami nilikuwa nimelifanyia mazoezi mpaka vidole vikatoka damu.

Nikamwambia, "Wairimu, watu hawachezi kifo. Tutoe ule wa tatu."

Aliniangalia, akafunga daftari. "Sawa," akasema.

Ukimsikia mtu mwenye mengi ya kusema amesema "sawa" peke yake, simama umuulize. Mimi sikuuliza. Nilikuwa nakaza nyuzi.

Santuri ilitoka, na wimbo ukapendwa. Ulipigwa kwenye baa, kwenye harusi, kwenye maduka ya pale mjini. Vijana walikuwa wakipita barabarani wakiiga gitaa langu kwa midomo. Wahenga walisema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Mimi nililijaza maji pipa zima.

Ndipo ikaja ile Jumapili. Mama yake Wairimu alitukaribisha sebuleni, akatupa chai ya maziwa na viazi vya kuchemsha. Alikuwa mama mfupi, mikono imekomaa kwa jembe, na kwa ajili ya siku hiyo alikuwa amevaa nguo yake ya kanisani. Tuliweka santuri kwenye mashine ndogo ya betri. Akakaa karibu nayo, ameinamisha sikio, macho kayafumba. Wimbo ukaanza, ubeti wa kwanza, ubeti wa pili. Kisha gitaa langu likaingia, likapaa, likazunguka, likalia. Nilimtazama nikingoja atabasamu. Wimbo ukaisha. Sindano ikabaki ikikwaruza.

Alifumbua macho, akamtazama binti yake, kisha mimi. Akaniuliza kwa Kikuyu, taratibu kabisa, "Ndirangu yuko wapi?"

Kumbe Wairimu alikuwa amemwambia mamake kwamba jina la mtoto wake litakuwa ndani ya santuri.

Nikaanza kueleza habari ya urefu wa santuri. Aliinua mkono kuninyamazisha, bila ukali.

"Wewe ndiye mwenye gitaa?"

"Ndimi, mama."

"Unacheza vizuri sana, kijana wangu. Lakini umekalia kiti cha mtu."

Aliinuka akaniongezea chai.

Harjit, ambaye hakujua Kikuyu, aliniuliza mama amesema nini. Nikamwambia anashukuru kwa zawadi. Wairimu alinisikia nikidanganya. Aliendelea kumenya kiazi, hakuinua macho.

Njiani nilikasirika. Ndivyo ulivyo ujana. Ukionyeshwa kosa lako unamkasirikia aliyekuonyesha. Nilijiambia yule mama haelewi muziki. Lakini usiku huo, na siku nyingi zilizofuata, kila nilipofika pale kwenye gitaa la katikati nilimwona akifumbua macho.

Miaka ikapita, mwanangu, na ilipita kwa mbio. Bendi ilififia kama bendi zote. Mimi nikawa mwalimu wa shule ya msingi nikafundisha mpaka nikastaafu. Kipkemoi akarudi Kuresoi kulima viazi. Harjit akarithi duka. Wairimu aliolewa, akazaa, akafiwa na mume, akaongoza kwaya ya kanisa lao. Mama yake naye akatuacha, na tulikwenda kumzika. Mara moja moja tuliitwa kwenye sherehe tukacheza nyimbo za zamani, na kila mara watu walidai "Shika Shingo", na kila mara nilicheza gitaa langu mahali palepale. Tulikuwa marafiki. Tulisaidiana msibani na hospitalini. Lakini jambo lile mimi na Wairimu hatukulitaja hata siku moja. Mwenye kovu usidhani amepoa.

Mwaka juzi ndipo alipotujia Nekesa. Ni binti mdogo mwenye studio hapa mjini, ghorofani juu ya duka la dawa za mifugo. Alikuwa amesikia "Shika Shingo" kwenye simu, ukikwaruza kama kuku akichakura, akatutafuta mpaka akatupata. Kanda za asili zilipotea zamani, na santuri zilizobaki zimechakaa.

"Hizi nyimbo zinakufa mkiwa mnaona," alituambia. "Kujeni muimbe tena. Mimi nitazirekodi vizuri."

Harjit akacheka. "Binti, sisi ni wazee. Huyu mgongo, huyu magoti, mimi sukari."

"Mzee, sitaki magoti zenu. Nataka nyimbo."

Basi tukaenda. Sitasahau siku ya kwanza. Kuta zilifunikwa kwa vipande vya godoro na trei za mayai, na chini mtaani tulisikia muuza duka akibishana na mteja juu ya dawa ya kupe. Kabla hatujaanza, Nekesa alisema tuisikilize ile ya zamani kwanza. Akabonyeza kitufe. Alikuwa ameisafisha kwa kompyuta mpaka mikwaruzo ikaisha.

Mwanangu, nilimsikia Wairimu wa miaka ishirini akiimba chumbani, na Wairimu mwenye mvi amekaa kwenye kiti cha plastiki karibu nami, mikono mapajani, akimsikiliza. Kipkemoi alivua kofia yake. Nilikuwa kama mtu aliyefunguliwa mlango wa nyumba iliyoungua zamani, akakuta chai bado ina moto. Kisha nikajisikia mimi mwenyewe, yule kijana wa nywele za kichaka, vidole vikikimbia. Alikuwa hodari, sitamnyima haki yake. Lakini nilipomsikiliza sasa, kwa masikio ya mzee, nilisikia mtu anayezungumza peke yake huku wenzake wakimngoja amalize.

Tulirekodi nyimbo nne bila taabu. Siku ya tatu, asubuhi, tukafika kwenye "Shika Shingo". Wairimu aliimba ubeti wa kwanza na wa pili. Sauti yake imeshuka, ina mchanga ndani yake, lakini ina uzito ambao haikuwa nao zamani. Zamu yangu ikafika. Nikaingia, na vidole vikakataa.

Nina baridi yabisi, mwanangu. Asubuhi vidole hivi ni kama kuni. Nilijaribu mara ya pili. Mara ya tatu niliangusha ile plastiki ya kupigia nyuzi, na Harjit akajifanya anarekebisha ngoma ili asinione. Nataka ulielewe hili vizuri, kwa maana watu wanaosimulia hadithi zao hupenda kujipamba: sikumwachia mtu nafasi kwa wema wa moyo wangu. Nilishindwa. Mikono ndiyo iliyoniangusha pale kiburi kilipokataa kushuka chenyewe.

Nekesa aliingia, akaninong'oneza kwa heshima, "Mwalimu, usijali. Ile solo ya zamani ninayo. Naitoa kwa santuri, naibandika hapa. Hakuna mtu atajua."

Moyo wangu uliruka kwa furaha, sitakuficha. Yule kijana angenichezea, naye hazeeki. Nilifungua mdomo kusema ndiyo. Ndipo nikamwona Wairimu. Alikuwa amesimama mbele ya maikrofoni, hajaondoka, na midomo yake ilikuwa ikitembea bila sauti. Ilitembea katika nafasi ya gitaa langu. Nikajua anachoimba. Nikajua pia kwamba hii haikuwa mara ya kwanza. Miaka yote ile, kwenye harusi zote zile, mimi nikiwa mbele nimewapa wenzangu mgongo na watu wakinishangilia, Wairimu alikuwa nyuma yangu akimwimbia kaka yake bila sauti.

Niliweka gitaa chini. Nikamwendea.

"Wairimu, unaukumbuka ule ubeti?"

"Ubeti gani, Mwalimu?"

Alijua ni upi. Lakini alitaka niutaje kwa mdomo wangu, na ilikuwa haki yake.

"Wa tatu. Wa Ndirangu. Ule niliokukatia ili gitaa langu lipate nafasi."

Mtaani pikipiki zilipita.

"Kumbe ulijua kama ulikata," akasema.

"Nilijua ile Jumapili ya Kabazi. Mama yako aliniambia, nami nikawadanganya wenzangu mbele yako. Nisamehe."

"Mama alikuombea sana," Wairimu akasema. "Alikuwa anasema, huyo kijana si mbaya, masikio tu ndiyo bado hayajakomaa."

Hata sasa nikikusimulia haya sijui nicheke au nilie. Akanishika mkono, hivi vidole vibovu, akaufinya. Kisha akamgeukia Nekesa. "Washa mashine yako, mama. Na wewe Mwalimu, chukua gitaa. Usinipigie nyingi."

Nilipiga uzi mmoja. Noti tatu tu, polepole, kurudi na kurudi, kitu ambacho mtoto wa wiki moja ya mafunzo angekiweza. Kipkemoi akanifuata chini kabisa. Harjit akaacha fimbo, akatumia viganja. Na Wairimu akaimba.

Ulinishusha ng'ambo, miguu yangu mikavu,
ukarudi kunichukulia vitabu.
Maji yakakushika wewe shingo, Ndirangu,
na mgongo wangu ulikuwa mdogo.

Hapo ndipo ubeti ulipoishia kwenye daftari. Nilijiandaa kwa kiitikio. Lakini yeye hakwenda kwenye kiitikio. Alivuta pumzi, akaimba mstari ambao sikuwahi kuuona:

Sasa mgongo umepinda, kaka, na bado nimekubeba.

Nilimtazama Nekesa kupitia kioo. Alikuwa amevua zile spika za masikioni, ameziweka kifuani kama mtu anayekumbatia mtoto. Nimekaa makanisani miaka mingi, nimesimama juu ya Menengai alfajiri, nimewaona watoto wangu wakizaliwa. Sijui kama nimewahi kuwa karibu zaidi na kitu kikubwa kuliko asubuhi ile, juu ya duka la dawa za mifugo.

Wa kwanza kuzungumza alikuwa Harjit. Machozi yalikuwa yameingia ndevuni.

"Wairimu, dada yangu," akasema, "mimi nimepiga hii ngoma miaka yote. Nilikuwa nafikiria ni wimbo ya mapenzi."

"Ni ya mapenzi," Wairimu akamjibu.

"Haturudii," Nekesa akasema. "Hiyo hiyo." Na ndiyo inayosikika leo kwenye simu za vijana. Wapo wanaolalamika. Juzi mwanamume mmoja alinisimamisha sokoni, mtu mzima mwenye tumbo, akaniuliza, "Mzee, ile gita yenu tamu ilienda wapi?" Nikamwambia ilichoka. Akacheka, akanunua nyanya zake, akaondoka. Halafu akarudi hatua mbili. "Lakini hiyo mpya nilisikiza nikampigia sister wangu simu," akasema, na akaenda zake bila kuniambia waliongea nini. Nami sikumuuliza.

Sasa sikiliza, mwanangu, maana nimekuchosha na habari ndefu. Kijana akiwa na kipawa, watu wote humwambia akikuze, na hakuna anayemwambia akipe mipaka. Mimi nakuambia. Ukipewa kazi na wenzako, kabla hujauliza utang'aa wapi, uliza ni nani asiposikika kazi hii itakuwa uongo. Na ukikosolewa na mtu mzima kwa sauti ya chini, ishike ile sauti ya chini. Wanaokupigia kelele wana hasira zao, bali anayekuongezea chai huku akikuambia kosa lako anakupenda.

Tena usiamini wanaosema maji yakimwagika hayazoleki, ukafanya neno hilo kisingizio cha kukaa kimya. Kweli, sikuweza kumrudishia yule mama Jumapili yake. Amelala Kabazi na hakuusikia ubeti ule, na jambo hilo nitakwenda nalo. Lakini palipobaki mtu mmoja wa kuombwa msamaha, nenda kwake, na ukifika litaje kosa kwa jina lake. Usiseme "kama nilikukosea". Sema ulifanya nini. Utaona aibu, na aibu haiui. Wala usingoje mpaka mwili ukulazimishe kama ulivyonilazimisha mimi. Wengi hufa mikono yao ikiwa bado mizima na mioyo migumu. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi, lakini heri mhunzi aliyejifunza kazi koleo lingali zima.

Haya, mwanangu, nenda ukafanye kazi yako. Mungu akupe wenzako wa kuzeeka nao, na akupe masikio mapema. Akufungulie mlango kwa kila uliyemkosea kabla hamjaachana, na akuache uishi mpaka uone jambo moja litakalokunyamazisha kabisa kwa uzuri wake. Baraka zangu zote ziko nawe.